Puli ya Marekani, meno ya Mhadzabe

Mwaka Kogwa pale Makunduchi watu wanatandikana kwa migomba, na hakuna anayejali kama mgomba umenyooka. Mshale hauna msamaha huo. Jamaa mmoja wa Missouri, Marekani, alipata hataza ya upinde wa puli mwaka 1969, na kushikilia kamba iliyovutwa kukawa kwepesi. Safi! Ila mshale ukipinda, puli haisaidii kitu. Ndo maana wenyewe huko hurusha kwanza kwenye karatasi: tundu likichanika juu au chini, mkia umeyumba, basi wanasogeza kidogo mshale unapokaa kwenye kamba.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawasubiri karatasi. Fundi anaupasha moto uti wa mshale, anaung'ata, anaunyoosha kwa meno, anafumba jicho moja kuukagua. Bado? Anarudia. Swala akikoswa, watoto wanalala bila nyama.