Chumba cha viti saba: Chile ilipotaka kuviona viwanda vyake vyote kwa pamoja

Septemba 2023 Chile ilitimiza miaka 50 tangu jeshi lilipompindua Rais Salvador Allende. Katika kituo cha utamaduni kilichojengwa chini ya uwanja wa ikulu ya La Moneda, jijini Santiago, wanahistoria na wasanifu walikijenga upya chumba ambacho vijana wengi wa nchi hiyo walikuwa hawajawahi kukisikia. Kilikuwa na kuta sita, viti saba vyeupe vya faiba vyenye mito ya rangi ya chungwa, na vitufe vikubwa kwenye mkono wa kila kiti. Picha zake zimezunguka dunia kwa sababu zinafanana na filamu za vyombo vya anga za wakati ule. Kazi iliyofanyika nyuma ya kuta hizo imezungumzwa kidogo mno.

Kuuchora mwendo wa kazi ya kiwanda hakukuanzia Chile. Henry Gantt ana chati zake za ratiba, Frank na Lillian Gilbreth walionyesha mwaka 1921 jinsi ya kuchora hatua za kazi kwa alama, na jeshi la majini la Marekani lilikuja na mfumo wa PERT wa kupanga miradi mwaka 1958 kwa ajili ya makombora ya Polaris. Hayo hufundishwa vyuoni. Kisichofundishwa ni habari ya nchi maskini iliyojaribu, kati ya mwaka 1971 na 1973, kuunganisha michoro ya viwanda vyake katika mfumo mmoja wenye taarifa mpya kila siku, kwa kutumia kompyuta moja na mashine za teleksi, yaani taipureta zinazotumiana ujumbe kwa waya. Mradi huo uliitwa Cybersyn. Anayetaka kuujua vizuri ana vyanzo viwili vikubwa: kitabu cha mwanahistoria Eden Medina kilichotoka mwaka 2011, na masimulizi ya Stafford Beer mwenyewe, Mwingereza aliyeubuni.

Julai 11, 1971, bunge la Chile lilipitisha kwa kauli moja kutaifishwa kwa migodi mikubwa ya shaba. Siku mbili baadaye, kijana wa miaka 28 aitwaye Fernando Flores alimwandikia Beer barua. Flores alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa CORFO, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1939 kukuza uzalishaji. Msomaji wa Tanzania anayelikumbuka Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na mzigo uliolidondokea baada ya Azimio la Arusha, ataelewa haraka alichokuwa akikabiliana nacho Flores. Viwanda vya nguo, saruji, vyakula na vyombo vya nyumbani vilikuwa vinaingia mikononi mwa serikali mfululizo, na hakuna aliyejua kwa uhakika ni kipi kina malighafi ya wiki ngapi.

Beer alikuwa na umri wa miaka 45. Alikuwa na ndevu, alipenda biri kubwa, aliendesha Rolls-Royce, na ada yake ilikuwa dola 500 kwa siku. Fani yake ilikuwa saibanetiki, taaluma inayochunguza jinsi kiumbe, mashine au shirika linavyojiongoza kwa kupokea taarifa na kujirekebisha. Alifika Santiago Novemba 4, 1971, na siku nane baadaye akaingia ikulu kumweleza Allende, ambaye kabla ya siasa alikuwa daktari. Alimchorea kiunzi chake cha ngazi tano, akipanda kuanzia karakana hadi juu. Beer anasimulia kwamba alipofika ngazi ya tano, akijiandaa kumwambia rais kuwa hiyo ndiyo nafasi yake, Allende alimtangulia kwa tabasamu pana na kusema kwamba hapo, hatimaye, wamefika wananchi. Hakuna shahidi mwingine aliyeandika mazungumzo hayo kwa kina, lakini mradi mzima ulijengwa juu ya jibu hilo.

Wahandisi walitumwa viwandani. Kila kiwanda kilichorwa mtiririko wake, yaani malighafi inapoingilia, mashine inazopitia, mahali inaposubiri na mahali inapotokea bidhaa. Beer aliagiza michoro hiyo ibebe vipimo ndani yake. Mstari uwe mnene kwa kadiri ya wingi wa mali inayopita, na kisanduku cha mashine kionyeshe kwa kimo chake uwezo wa mashine na kiasi kinachotoka siku hiyo. Mtu asiyejua hesabu za uhasibu angeweza kuutazama ukuta na kuona kazi imekwama wapi. Nadhani huu ndio ubunifu mkubwa kuliko yote ya mradi ule, nao ulifanyika kwa rula, kalamu na wino.

Kwa kila kiwanda walichagua vipimo vichache tu: uzalishaji, akiba ya malighafi, na pia utoro kazini, kwa imani kwamba watu wasiofika kazini wanasema jambo ambalo ripoti ya meneja hailisemi. Kila kipimo kilikuwa na namba tatu: kinachotoka sasa, kinachoweza kutoka kwa vifaa vilivyopo, na kinachoweza kutoka vikwazo vikiondolewa. Kugawanya namba hizo zenyewe kwa zenyewe kulionyesha kama tatizo liko kwenye kazi ya leo au kwenye mtaji uliolala.

Namba zilisafirishwa kwa teleksi. Serikali iliyotangulia ilikuwa imenunua mamia ya mashine hizo zikabaki bila kazi, na sasa zilitandazwa katika nchi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000. Santiago, kompyuta ya ECOM, shirika la kompyuta la serikali, ilizipokea na kuziingiza katika programu iitwayo Cyberstride. Sehemu yake ya kwanza iliandikwa London pamoja na timu ya Isaquino Benadof wa Chile, kwa kutumia mbinu ya kukadiria mwelekeo ambayo Harrison na Stevens walikuwa wameichapisha mwaka 1971. Programu haikumwaga namba zote mezani. Ilipima kama badiliko la leo ni la kawaida au ni mwanzo wa jambo, na ilinyamaza pasipokuwa na jambo. Machi 1972 karatasi za kwanza zilitoka kwenye mashine.

Penye dalili ya hitilafu, taarifa ilirudi kiwandani kwanza, na kiwanda kilipewa muda maalumu wa kujirekebisha. Muda ukipita bila nafuu, ndipo habari ilipanda ngazi moja, kisha nyingine, hadi CORFO. Kwa Beer, uhuru wa mfanyakazi ulikaa ndani ya muda huo. Mkubwa hakupaswa kuliona tatizo kabla ya aliyeko kwenye mashine kupata nafasi ya kulitatua.

Kisha ukaja Oktoba 1972.

Wenye malori, ambao biashara ya nchi ile ndefu iliwategemea, walianza mgomo kupinga mpango wa shirika la usafirishaji la serikali kule kusini. Ndani ya siku chache waliungwa mkono na wenye maduka, wenye mabasi, madaktari na baadhi ya wahandisi. Chakula, mafuta na vipuri vikaanza kukosekana. Flores na wenzake walianzisha ikulu kituo kikuu cha uongozi wa dharura, na chini yake vituo vya usafiri, viwanda, nishati, benki na ugavi, vyote vikitegemea teleksi zilizokuwa zimefungwa kwa ajili ya Cybersyn. Mashine zililia usiku na mchana: hapa pana lori bila dereva, pale kuna dereva bila mafuta, barabara fulani imefungwa, ile nyingine inapitika, kiwanda hiki kina ziada ya malighafi anayoililia jirani yake. Kwa hesabu ya Beer, zilipita jumbe 2,000 kwa siku, na malori yapatayo 200 yaliyobaki upande wa serikali yalitosha kuifanya Santiago iendelee kula.

Wapo wanaosema Beer ametia chumvi, na wana hoja. Wafanyakazi wa vitongoji vya viwanda walijipanga wenyewe bila kungoja teleksi, na mgomo ulikwisha mwanzoni mwa Novemba baada ya Allende kuwaingiza majenerali katika baraza lake la mawaziri. Hata hivyo, Flores alitoka katika mgomo ule akiwa waziri wa uchumi, na serikali ikaamini kwamba habari ya siku ileile ni silaha. Cyberstride yenyewe haikufanya kazi kubwa katika siku hizo. Waliofanya kazi ni waendesha teleksi, ambao majina yao hayamo kwenye maonyesho yoyote.

Chumba cha viti saba, ambamo viongozi wangeviona viwanda vyote kwa pamoja, kilikamilika baada ya mgomo, na mwishoni mwa Desemba 1972 Allende alikwenda kukitembelea. Kilisanifiwa na timu ya Gui Bonsiepe, Mjerumani aliyefundishwa katika shule ya usanifu ya Ulm. Kwa macho ya leo tungedhani kuta zilikuwa skrini za kompyuta, lakini zilikuwa slaidi zilizorushwa na projekta kwa nyuma. Slaidi hizo zilitokana na michoro iliyochorwa kwa mkono na wanawake wanne: Pepa Foncea, Lucía Wormald, Eddy Carmona na Jessie Cintolesi. Namba ikibadilika, mchoro ulibadilishwa na mtu. Inauma kuona viti vya Bonsiepe vikisifiwa kila mwaka na kalamu za hao wanne zikipewa mstari mmoja, kama zinapewa hata huo.

Mradi ulikuwa umefanywa kimyakimya, lakini siri haikudumu. Januari 7, 1973, gazeti la The Observer la London liliandika kwamba Chile inaendeshwa na kompyuta. Magazeti ya upinzani huko Chile yaliidaka habari hiyo na kuwatangazia wasomaji kwamba serikali inawatawala kwa mashine. Beer alijibu Februari katika mhadhara aliotoa Brighton, akisisitiza kwamba mfumo ulilenga kupunguza amri iliyo mikononi mwa wakubwa. Upande mwingine alisimama Herbert Grosch, bingwa wa kompyuta wa Marekani, aliyeliandikia jarida la New Scientist kwamba mfumo huo hauwezi kuwapo kwa muda mfupi hivyo na vifaa hafifu hivyo, na kwamba ni heri usiwepo. Kwa hiyo Beer alishambuliwa kwa kujenga dubwana la kutawala watu, na pia kwa kutojenga chochote. Mashtaka hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa wakati mmoja, lakini yalichapishwa katika msimu mmoja.

Ugomvi wenye uzito zaidi ulikuwa ndani ya timu. Beer alitaka wafanyakazi wenyewe wachore mitiririko ya viwanda vyao, kwa kuwa ndio wanaoijua. Kwa sehemu kubwa, wahandisi walienda kwa mameneja, wakachora, wakaondoka. Kufikia Mei 1973 asilimia 26.7 ya viwanda vya taifa vilikuwa vimeingizwa kwenye mfumo kwa kiwango fulani, vikibeba karibu nusu ya mapato ya sekta hiyo. Kwa upande wa ufundi hayo ni mafanikio makubwa. Kwa upande wa wale wananchi wa ngazi ya tano, kazi ilikuwa haijaanza. Beer alilijua hilo, likamsumbua, na aliliandika.

Septemba 8, 1973, Allende aliagiza chumba kihamishiwe ikulu. Siku mbili baadaye vipimo vya nafasi vilichukuliwa. Kesho yake, Septemba 11, ndege za jeshi ziliipiga La Moneda kwa mabomu na rais akafa humo. Wanajeshi walikivunja chumba.

Hapa Afrika Mashariki, mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hasara za mitambo ya awali serikalini. Nchi mbili zilizokuwa zimetaifisha uchumi wake zilichukua njia zinazopingana katika kipindi kilekile, na sijaona mtaala wa uhandisi au uchumi kwetu unaoziweka njia hizo mezani zikajadiliwa pamoja. Uhusiano haukukosekana. Zambia na Kongo zilikaa na Chile na Peru katika baraza la wauza shaba lililoasisiwa Lusaka mwaka 1967. Leo viwanda vyetu hununua mifumo ya kufuatilia mitambo ikiwa imeshafungashwa, pamoja na fikra za aliyeifungasha kuhusu nani aone nini.

Kutoka hapo habari ni fupi. Skrini zilishuka bei, vihisi vikafungwa kwenye kila bomba, na kiwanda chenye uwezo sasa huwa na nakala yake ya kidijiti ndani ya kompyuta, ambamo badiliko hujaribiwa kabla ya mashine kuguswa. Raúl Espejo, aliyeuongoza mradi Chile, aliendelea na saibanetiki Uingereza. Beer alihamia nyumba ndogo huko Wales.

Flores alifungwa miaka mitatu. Alipoachiwa mwaka 1976 alikwenda California, akasoma hadi shahada ya uzamivu, na mwaka 1986 akatoa na mtaalamu wa kompyuta Terry Winograd kitabu kuhusu kompyuta na ufahamu. Walitengeneza pia programu ya ofisini iitwayo The Coordinator, iliyochora mtiririko wa maneno badala ya mtiririko wa mali: nani ameomba nini, nani ameahidi, na ahadi inatimizwa lini. Kila ujumbe ulipaswa kutajwa aina yake kabla haujatumwa. Baadhi ya watumiaji waliisifu kwa kukomesha ahadi hewa. Wengine walilalamika kwamba imempa bosi dirisha la kuwachungulia, lalamiko lilelile ambalo magazeti ya Santiago yalikuwa yamelichapisha Januari 1973.