Redio ya Baba, Kibanda cha Video na Simu ya Mtoto

Somo la leo ni la historia. Wenye madaftari wayafungue. Mama wenye watoto mapajani wasiondoke, maana somo lenyewe lawahusu watoto. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: redio, kibanda, simu. Tutayasoma kwa zamu, na kila neno tutaliuliza jambo moja: lilipoingia nyumbani, nani alikuwa bwana wake?

Tuanze na redio.

Katika nchi yetu utangazaji ulianza mwaka 1951, ukiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwanzo sauti ile haikufika mbali. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikalichukua, likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyo ya sitini redio ndogo za mawe zilifika hata huku kwetu. Aliyeuza pamba yake vizuri alinunua baiskeli, na aliyeuza vizuri zaidi alinunua redio.

Wazee mliomo darasani mwakumbuka jinsi redio ile ilivyokaa. Ilikuwa juu ya meza au imetundikwa ukutani, imevikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Mtoto hakuigusa. Baba aliifungua saa ya taarifa ya habari, akaifungua tena saa ya salamu na muziki, kisha akaifunga. Hakuifunga kwa sababu alisoma kitabu cha malezi. Aliifunga kwa sababu mawe yalikuwa ghali! Yalipodhoofu yalianikwa juani juu ya bati ili yapate nguvu kidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kuifungua redio ya baba wakati hayupo, nikatafuta watu wadogo wanaosema ndani yake, nikaisahau ikisema hadi mawe yakaisha. Nilichapwa. Lakini jioni baba aliniketisha karibu naye akaniuliza, "Basi, walisema nini?" Swali hilo nalikumbuka kuliko fimbo.

Angalieni, basi. Redio ilikuwa na vizuizi ambavyo hakuna mtu aliyevibuni kwa makusudi. Bei ya mawe ilikuwa kizuizi. Mkono wa baba ulikuwa kizuizi. Na kizuizi kikubwa kuliko vyote ni kwamba sauti yake ilisikiwa na wote, baba, mama, bibi, jirani aliyekuja kusikiliza, na mtoto. Neno baya likitoka, watu wazima walilisikia pamoja na mtoto, wakaweza kulisema.

Na hapa mikoa yetu ina historia yake ambayo vijana hawaijui. Kuanzia mwaka 1968 mikoa ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera, ilichaguliwa kujaribiwa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza, nayo ilikuwamo. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyoeleza kazi zao wenyewe: pamba, ng'ombe, uvuvi, shughuli za nyumbani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni kubwa ya redio, Mtu ni Afya.

Mtu ni Afya ilidumu wiki 12. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi kuisikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake, na kijitabu. Redio ilisema, kisha ikafungwa. Kiongozi akauliza: tumesikia nini? Je, ni kweli hapa kwetu? Tufanye nini? Ndipo watu wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kando ya nyumba. Kazi kubwa ilifanyika katika dakika zile baada ya redio kufungwa. Kama kikundi kingesikiliza na kutawanyika, nadhani vyoo vichache sana vingechimbwa.

Haya, neno la pili. Kibanda.

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Bara tulingoja hadi mwaka 1994. Huku kwetu wengi hatukuiona kwanza sebuleni mwa mtu. Tuliiona katika kibanda cha video, kile ambacho watoto walikiita kibanda umiza. Mnakifahamu. Mabati au turubai, mabenchi ya mbao, jenereta linanguruma nje, mlango mmoja, na ndani joto la kupikia mkate.

Vibanda vilistawi zaidi machimboni, na sababu yake ni ya historia. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofunguliwa katika miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Baadaye, katika miaka ya 1980 na 1990, wachimbaji wadogo walimiminika Geita na Kahama kufuata dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Palipo na rashi ya dhahabu pana vijana wengi, fedha ya leo kwa leo, na jioni ndefu isiyo na kazi. Mwenye jenereta alijua biashara yake. Mtoto aliyebeba maji mwaloni au kuokota mawe karibu na karasha alipata shilingi zake, na shilingi zile zilimtosha kiingilio. Akaona mapigano, akaona na mengine ambayo mtoto hapaswi kuyaona, na asubuhi alisinzia darasani kama alifika.

Kibanda kilikuwa na madhara, sitaki kukitetea. Lakini kilikuwa na mlango. Mzazi aliweza kusimama mlangoni akamwita mwanawe kwa jina. Serikali ya kijiji iliweza kumwita mwenye kibanda na kumwambia asipokee watoto saa za shule. Kijiji kikiwa na mwenyekiti mwenye moyo, jambo lilitengenea. Kikiwa na mwenyekiti aliyepewa kiti cha bure cha mbele, halikutengenea.

Sasa simu.

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Mobitel, ilianza mwaka 1994 huko Dar es Salaam. Baada ya mwaka 2000 minara ikapanda hadi huku, na machimbo yakawa miongoni mwa mahali palipoipokea simu upesi, maana mwenye dhahabu anataka kujua bei. Mwaka 2008 fedha ikaanza kutumwa kwa simu. Kijana wa Mbogwe akamtumia mama yake aliyeko Maswa fedha bila kupanda basi. Ni faida kubwa, na mtu asije akawaambia kwamba simu ni shetani. Simu ndogo ya kitochi ilikuwa bado karibu na redio: ilisema na kuandika, basi. Simu janja ndiyo iliyobadili mambo. Ni redio, ni kibanda, ni posta, ni benki, ni soko, vyote katika kiganja cha mtoto aliyejifunika blanketi. Haina mlango wa kusimama. Sauti yake haisikiki kwa jirani, na kwa kuwa inachajiwa, hakuna mawe ya kuisha.

Nawaomba tukae hapa kidogo, maana hapa pana hatari iliyo kubwa kwetu kuliko mahali pengine.

Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 59 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mkoa wetu ulikuwa wa kwanza nchini kwa jambo hilo, na si wa kujivunia. Zamani mwanamume aliyemtaka binti alionekana. Alikuja na wazee, au vijana walimzunguka binti njiani jioni kwa mila ya chagulaga, wakimbana achague. Nisieleweke vibaya: chagulaga haikuwa jambo jema kwa msichana asiyetaka, na simlilii yeyote aliyeiacha. Nasema tu kwamba ilifanyika njiani, na macho ya watu yaliona. Leo mwanamume mwenye fedha ya mgodi humpa mwanafunzi simu. Zawadi hiyo hailii kama ng'ombe na haihitaji zizi. Inalala chini ya mto, na kwa njia yake anamwita saa atakayo, anamwomba picha, na akishaipata picha anamtisha nayo.

Kwa hiyo ukiona simu usiyoinunua mkononi mwa binti yako, swali la kwanza si "Inagharimu kiasi gani?" Wako wazazi, tuseme kweli, ambao huuliza hivyo na kutabasamu. Swali ni "Imetoka kwa nani?" Na jueni jambo hili. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Mtoto hana kitambulisho hicho. Basi kila laini iliyo mkononi mwa mtoto ina jina la mtu mzima. Bonyezeni *106# katika simu hiyo na mfuate maelekezo, mtaoneshwa jina lililosajiliwa. Kama si lako wala la mtu wa nyumba yako, umeshapata mwanzo wa jibu.

Sheria iko nanyi. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kusambaza picha za ngono za watoto. Mzazi naye asiipeleke picha ya namna hiyo kwa shangazi na wajomba ili kuonyesha uchungu wake, maana atakuwa anaisambaza. Vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, vilipingwa mahakamani na Rebeca Gyumi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Mtoto akija kukuambia kwamba anatishwa, usiivunje simu na usimpige. Ukimpiga, wa pili hatakuja kukuambia. Ujumbe usifutwe, kwa sababu ndio ushahidi. Pelekeni simu katika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au pigeni namba 116, ya kusaidia watoto.

Sasa nageukia darasa hili lenyewe.

Zamani barua ilipofika kutoka kwa ndugu aliyekwenda kufanya kazi Mwadui au katika mashamba ya mkonge, mama asiyejua kusoma alimwita mtoto wa shule amsomee. Mtoto akazijua siri zote za nyumba: deni, ugonjwa, mke wa pili. Wazee wengi waliokaa katika madarasa ya kisomo walisema wazi kwamba walitaka kuzisoma barua zao wenyewe. Leo tumerudi pale pale. Mtoto ndiye amsomeaye baba ujumbe. Mtoto ndiye ajuaye namba ya siri ya fedha. Mtoto ndiye amfundishaye mama kubonyeza. Mwanafunzi hawezi kumkagua mwalimu wake, na mzazi asiyejua kusoma maneno ya simu hawezi kujua mtoto anatazama nini. Simu nyingi janja zaweza kuwekwa katika lugha ya Kiswahili. Mwambie mtoto akuwekee leo, mbele yako. Kisha jifunze maneno machache: ujumbe, picha, historia, futa. Historia ndani ya simu si ile ya somo letu, ni orodha ya mahali mtu alipopita.

Kwa watoto wadogo sana jambo ni jepesi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mama anayempa mtoto simu ili anyamaze wakati akipika simlaumu, kazi ni nyingi, lakini kijiko na sufuria tupu vilitunyamazisha sisi.

Kwa wakubwa, rudini kwenye meza ya baba. Simu ya nyumba ilale mahali pamoja, chumba cha wazazi, kuanzia saa tatu usiku, na ya baba ilale pale pale. Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni uani, ambapo vijana walikaa na wakubwa wakafundishwa. Wengine wetu hatuna ua tena, tumepanga chumba kimoja karibu na machimbo. Hata hivyo video moja yaweza kutazamwa na watu watatu, simu ikazimwa, na swali likaulizwa kama katika Mtu ni Afya: tumesikia nini, na je, ni kweli hapa kwetu?

Mwalimu wa darasa, zima redio baada ya maneno haya. Gawa vikundi vya watu watano. Kila kikundi kiseme: nyumbani kwako nani anajua namba ya siri ya simu, na nani alimwambia? Somo lijalo tutasoma ujumbe wa kupokea fedha, neno kwa neno, kwa hiyo kila mwenye simu aje nayo, na asije na mtoto wa kumsomea.