Harufu, Upepo na Mwindaji: Maandalizi ya Ishi katika Uwindaji wa Kulungu

Mwindaji atumiaye upinde hana budi kumkaribia mnyama mpaka umbali wa hatua chache. Katika mwendo huo hukabiliwa na macho ya mnyama, masikio yake na pua yake. Macho huweza kuhadaiwa kwa majani au kwa ngozi. Masikio huweza kuhadaiwa kwa nyayo laini na kwa subira. Pua ndiyo ngumu. Mnyama aonapo umbo asilolijua husita na kutazama tena, lakini aipatapo harufu ya binadamu mara nyingi hangoji ushahidi mwingine. Ndiyo maana sehemu kubwa ya historia ya uwindaji ni historia ya binadamu kuificha harufu yake kwa vitu alivyo navyo karibu: maji, moshi na majani.

Jambo hilo ni la kale. Xenophon wa Uyunani, aliyeandika katika karne ya nne kabla ya Kristo, alieleza namna ya kumtegea kulungu mtego wa mguu, akaagiza udongo uliochimbwa upelekwe mbali, kwa kuwa kulungu anusapo udongo uliotifuliwa karibuni huingiwa na hadhari. Lakini maelezo ya aina hiyo huhusu mtego. Ushuhuda unaohusu mwili wa mwindaji mwenyewe, yaani alichokula, alivyooga na alichojipaka, ni haba zaidi. Mmoja ulio kamili ni ule wa mtu ajulikanaye kwa jina la Ishi, wa kabila la Yahi, katika jimbo la California nchini Marekani. Makala haya yatauchunguza ushuhuda huo kwa nia ya kuonyesha mambo mawili: kwamba maandalizi ya Ishi yalikuwa elimu yenye hoja, wala si mazoea tu, na kwamba elimu ya namna hiyo hukaa ndani ya lugha, hata ikawa vigumu kuisalimisha moja bila ya nyingine.

Yafaa kwanza kutanabahisha juu ya neno. Mnyama aliyewindwa na Ishi hana jina la asili katika Kiswahili. Makala haya yanamwita kulungu kwa kufuata desturi ya wafasiri, ijapokuwa kulungu wa misitu yetu ni wa jamii nyingine: pembe zake hazidondoki, ilhali dume la California huziangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine.

Wayahi walikuwa tawi la kusini kabisa la wasemaji wa lugha ya Yana, lugha ambayo wanaisimu wanaikumbuka kwa kutofautisha usemi wa wanaume na usemi wa wanawake. Baada ya dhahabu kuvuta maelfu ya walowezi California mnamo 1849, nchi ya Wayahi ilivamiwa, na katika miaka ya 1860 watu wao waliuawa kwa makundi. Wachache waliosalia walijificha katika mabonde ya vijito viwili, Mill Creek na Deer Creek, muda wa kadiri ya miaka arobaini. Walikanyaga mawe ili wasiache nyayo, na moto wao waliuwasha mdogo ili moshi usiwatoe. Hivyo, kwa watu hao, kujificha hakukuwa mbinu ya siku ya kuwinda tu. Aliyemnyemelea kulungu asubuhi alikuwa yeye mwenyewe akisakwa na binadamu wenzake.

Tarehe 29 Agosti 1911, wa mwisho wao alionekana karibu na machinjio nje ya mji wa Oroville, peke yake, amekonda kwa njaa. T. T. Waterman, wa Chuo Kikuu cha California, alimwendea na orodha ya maneno ya Kiyana. Alisoma neno baada ya neno bila ya mafanikio, mpaka alipotamka *siwini*, yaani msonobari, huku akigusa mbao za kitanda. Hapo uso wa yule mtu ukachangamka. Kwa desturi ya watu wake haikumpasa kulitaja jina lake, basi A. L. Kroeber akampa jina la Ishi, neno la Kiyahi lenye maana ya mtu mume. Aliishi katika jumba la makumbusho la chuo hicho huko San Francisco hadi alipofariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916.

Karibu na jumba hilo palikuwa na hospitali, na humo alifanya kazi daktari wa upasuaji, Saxton Pope. Daktari alimtibu Ishi. Ishi akamfundisha daktari kuchonga upinde, kufunga manyoya ya mshale na kunyemelea. Mwezi wa Mei 1914 walikwenda pamoja na Kroeber na Waterman hadi Deer Creek, katika nchi aliyozaliwa Ishi. Aliyojifunza Pope aliyachapisha katika taarifa ya chuo kikuu ya mwaka 1918 juu ya upinde wa Wayahi, kisha katika kitabu chake *Hunting with the Bow and Arrow* cha mwaka 1923.

Kwa mujibu wa Pope, Ishi alianza kuwinda siku moja kabla ya kutoka. Siku hiyo hakula samaki, akisema kwamba kulungu huitambua harufu yake. Wala hakutaka kuwa na harufu ya moshi wa tumbaku. Asubuhi ya kuwinda alioga mwili mzima, akasukutua kinywa, akajisugua kwa majani ya mmea wa porini wa jamii ya nanaa, akatoka bila ya kula. Mavazi yake yalikuwa machache. Huko porini alijua kuiga mlio wa mtoto wa kulungu ili kumvuta mamaye, na aliwahi kutumia kichwa cha kulungu kilichojazwa ili kuyahadaa macho ya mnyama.

Wako watakaoona hapo ibada ya kujitakasa na wala si zaidi. Ni kweli kwamba katika jamii nyingi za Amerika ya Kaskazini kuoga, kufunga na kujitoa jasho katika kibanda cha mvuke kabla ya kuwinda kulikuwa na maana ya kiroho. Lakini mambo hayo mawili hayagombani. Sababu ya kutokula samaki, kama ilivyonakiliwa, haikuwa mwiko usioelezwa, ilikuwa harufu. Na hatua zilizobaki zikichunguzwa moja moja huafikiana na yale yajulikanayo leo. Jasho jipya halina harufu kubwa. Hunuka baada ya vijidudu vya ngozini kulivunjavunja. Kwa hiyo aogaye asubuhi huchukua msituni harufu pungufu kuliko yule aliyelala na jasho la jana. Ama majani, hayakuchaguliwa kwa kupendeza kwake. Yalikuwa majani ya mahali pale, ambayo kulungu huyakanyaga na kuyanusa kila siku bila ya kudhurika.

Hapa Kiswahili kinaweza kutoa mchango katika uchambuzi. Lugha hii ina hazina pana ya maneno ya harufu: shombo na vumba kwa samaki, kutuzi na kikwapa kwa mwili wa mtu, uvundo kwa kilichooza. Juu ya hayo, hutenga kunuka na kunukia, kwa kiambishi kimoja tu kinachogeuza karaha kuwa raha. Lakini mgawanyo huo umejengwa juu ya pua ya binadamu. Mwindaji hana budi kukitumia kitenzi hicho kwa pua ya mnyama. Sabuni yenye manukato hunukia nyumbani na hunuka msituni, kwa maana humtangaza mtu. Vivyo hivyo kwa moshi. Katika miji ya pwani yetu nguo hufukizwa udi juu ya chetezo ili aliyezivaa atambulikane kabla ya kufika. Wawindaji wengine hujifukiza moshi wa kuni ili wasitambulikane. Tendo ni moja, na tofauti iko katika pua inayokusudiwa.

Mwaka 1925 Pope alivuka bahari hadi Tanganyika pamoja na Arthur Young na Stewart Edward White, wakawinda simba kwa mishale. Safari hiyo yaingiza Afrika ya Mashariki katika historia hii kwa namna inayostahili kutafakariwa. Wageni hao walifika katika sehemu ya ulimwengu yenye mabingwa wa upinde tangu kale: Wahadza katika Tanganyika yenyewe, na kaskazini ya mpaka Wakamba, na Waata walioangusha ndovu kwa upinde mrefu mgumu na sumu ya msunguti. Lakini sheria za wanyama za serikali za kikoloni zilimpa haki mwenye leseni, na zikabana njia za wenyeji. Hifadhi ya Tsavo ilipoundwa mwaka 1948 ilimeza sehemu ya mawindo ya Waata, na katika msako wa miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa. Mtu mmoja na upinde wake aliitwa mwanamichezo, mwingine na upinde wake akaitwa jangili. Hapana budi kusema pia kwamba ndovu walikuwa wakiuawa kwa ajili ya biashara ya pembe, na kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyama mwaka 1977 kwa sababu zilizo wazi. Hata hivyo, kumzuia mtu asiwinde ni jambo moja. Kuihesabu elimu yake kuwa ni hila ya mhalifu tu, isiyostahili kuandikwa, ni jambo la pili, na hilo la pili halikulazimika.

Nchini Marekani elimu hiyo haikukoma. Wawindaji wa kulungu hufua nguo kwa magadi ya kupikia badala ya sabuni ya manukato, huzihifadhi katika sanduku lenye matawi ya msonobari au mwerezi, na huzivaa wakisha kufika msituni. Pamezuka pia biashara ya nguo zenye makaa maalumu yanayodaiwa kunasa harufu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 uliwajaribu watu waliovaa nguo hizo mbele ya mbwa wa kutafutia watu. Isipokuwa mara moja tu, mbwa waliwapata. Hali ya hewa, pamoja na kubadilika-badilika kwa upepo, ilikuwa na athari kubwa kuliko nguo. Hapa kwetu, wataalamu waliochapisha utafiti wao mwaka 2007 kutoka Amboseli waliwapelekea ndovu nguo zilizokwisha kuvaliwa. Ndovu walizikimbia zaidi nguo za Wamaasai, ambao vijana wao huwachoma ndovu mikuki, kuliko nguo za Wakamba. Kwa harufu peke yake walitambua kabila la aliyezivaa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mwindaji, maneno hayo ni kweli kwa dhahiri yake.

Kwa hiyo harufu yaweza kupunguzwa na kuchanganywa, kufutwa haifutiki. Kinachosalia ni upepo. Mabaharia wa Kiswahili wana maneno mawili yanayotosha kulieleza somo zima: joshi, upande utokako upepo, na demani, upande uendako. Mwindaji akae demani, mnyama awe joshi. Kuoga, kufunga na majani humsaidia pale upepo unapogeuka ghafula, lakini haviwi badala ya kuujua.

Limebaki suala la lugha. Pope aliandika jina la upinde kwa Kiyahi, na la mshale pia. Lakini maelezo ya maandalizi, yaani mafundisho juu ya samaki, tumbaku, maji na majani, yametufikia kwa Kiingereza cha daktari. Majira ya joto ya 1915 Edward Sapir alifanya kazi na Ishi kuinakili lugha yake, kazi yenye thamani isiyokadirika. Miezi michache baadaye mgonjwa alizidiwa, na katika masika yaliyofuata hapakuwa tena na mtu duniani wa kuulizwa. 

Lugha za wawindaji wa Afrika ya Mashariki bado zina wasemaji, ingawa baadhi yake ni wachache na wazee. Hata pale uwindaji ulipokatazwa, maneno hayajakatazwa. Kuyakusanya majina ya pepo, ya harufu, ya majani na ya miendo ya kunyemelea hakumuui mnyama yeyote, na yule mzee anayeyajua hahitaji leseni ili kuyasema. Anachohitaji ni mtu wa kumwendea na daftari, amsikilize kwa lugha yake, angali hai.