Mtani Mbele ya Watawala

Anayehudhuria msiba Manundu, mjini Korogwe, huenda akamwona mtani wa marehemu akivaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, hata waliao wakacheka. Wala hakuna akasirikaye, maana mtani huyo huyo ndiye asaidiaye maziko. Je, kicheko cha namna hii kina nafasi mbele ya watawala?

Historia ya karibuni yatupa mfano. Mwaka 2013 wabunge wapya wa Kenya waliukataa mshahara wa shilingi 532,500 kwa mwezi uliopangwa na Tume ya Mishahara, wakidai 851,000 za awali. Mei 14 waandamanaji, mpiga picha Boniface Mwangi akiwa miongoni mwa viongozi wao, walipeleka nguruwe mbele ya Bunge, Nairobi, wakamwaga damu, na wanyama wakailamba. Hotuba haikuhitajika, ulafi ulionekana kwa macho. Polisi walijibu kwa mabomu ya machozi na kuwakamata watu. Hatimaye wabunge walikubali 532,500, lakini wakapata na ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5. Juni 2014 vijana wawili wa Uganda nao waliingiza nguruwe katika viwanja vya Bunge, Kampala, wakiwa wamepakwa njano, rangi ya chama tawala, kulalamikia ukosefu wa kazi na ufisadi.

Wako wanaosema kwamba huo ni upuuzi usiomfaa Mkristo. Tukumbuke basi Isaya aliyetembea uchi miaka mitatu (Isaya 20), na Yeremia aliyejivika nira shingoni (Yeremia 27). Nao walionekana vichekesho. Ishara ya ajabu humfikia mtu aliyekwisha kuziba masikio yake.

Hata hivyo yatupasa kuwa waangalifu. Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali, na siku ile ile dhihaka ikaishia kwenye upanga katika kijito cha Kishoni (1 Wafalme 18). Tena, kumwita mtu nguruwe, hasa katika miji kama Korogwe tunakoishi pamoja na Waislamu, ni kumtoa katika jamii ya watu. Hapo utani umekwisha na matusi yameanza.

Hapana budi, basi, mchungaji asinyamaze mbele ya ulafi, wala asiogope kuchekesha. Lakini ajiulize kwanza: huyu ninayemcheka leo, je, nitakwenda kumzika?