PSA baada ya upasuaji wa tezi dume: "chini ya 4" si kipimo chako

Umefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume, labda KCMC Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam, na sasa umerudi nyumbani Mlalo, Soni au Bumbuli. Daktari amekuambia uwe unapima PSA. Majibu yake yasomweje?

PSA ni nini?
Ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi chake kidogo huingia kwenye damu. Chembe za saratani ya tezi dume nazo huitengeneza, popote zilipo mwilini. Hupimwa kwa nanogramu katika mililita moja ya damu.

Kama tezi yote imeondolewa
PSA iliyobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku 2 au 3. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hufanywa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, na jibu linalotarajiwa ni chini ya 0.1.

Hapa ndipo wengi hupotea. Fomu nyingi za maabara huandika kuwa kawaida ni 0 hadi 4. Hicho ni kiwango cha mwanaume ambaye bado ana tezi. Kwako wewe 1.5 si kawaida, hata karatasi ikisema ni sawa. Vipimo vya haraka vinavyojibu ndiyo au hapana pia havikufai, kwa sababu vingi huanza kuonyesha PSA ikifika 4.

Ikianza kupanda
PSA ikifika 0.2 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, madaktari huchukulia kuwa saratani imerudi. Usikate tamaa. Mara nyingi PSA hupanda miezi au miaka kabla ya maumivu yoyote, na hiyo ndiyo faida ya kupima. Mionzi kwenye sehemu ilipokuwa tezi hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado haijapita 0.5. Hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, hutoa tiba ya mionzi.

Upasuaji wa aina nyingine
Wapo wanaokwanguliwa tezi ili mkojo upite, na wapo wanaotolewa korodani ili kupunguza homoni inayolisha saratani. Hao bado wana tezi au sehemu yake, hivyo namba za hapo juu haziwahusu. Kwao daktari huangalia kama PSA inashuka na kubaki chini. Kama hujui, uliza: "Mimi nilitolewa nini?"

Ya kufanya
- Pima kila miezi 3 hadi 6 miaka ya mwanzo, baadaye mara moja kwa mwaka, kama daktari atakavyopanga.
- Tumia maabara ileile ukiweza. Piga simu kuuliza kama kipimo kipo kabla ya kupanda gari la kushuka Mombo.
- Andika kwenye daftari tarehe, namba kamili na jina la maabara. Ukisomewa jibu kwa simu, sikiliza nukta: "sifuri nukta mbili" na "mbili" ni mbali sana.

Mkojo ukiziba, au mgongo ukiuma huku miguu ikiishiwa nguvu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.