Runza: Historia Fupi ya Ukoo wa Everett na Mkate wa Kabichi wa Nebraska

Runza ni mnyororo wa migahawa wenye makao makuu Lincoln, mji mkuu wa jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani. Ulianza mwaka 1949 kama mgahawa mmoja mdogo pembezoni mwa mji huo. Mwaka 2024 ulitimiza miaka 75, nao ungali mikononi mwa ukoo ulioufungua. Sandwichi iliyoupa jina haina vipande viwili vya mkate vinavyobana nyama katikati. Ni mkate mmoja wenye umbo la mstatili, ambao kabla ya kuingizwa kwenye oveni hujazwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa, kabichi, vitunguu na viungo, kisha kingo zake hufungwa. Mtu wa Mombasa au Tanga akiung'ata mara ya kwanza huenda akakumbuka sambusa, ila huu haukaangwi, na ganda lake ni mkate laini ulioumuliwa kwa hamira.

Asili ya chakula hiki ni ya zamani kuliko Nebraska yenyewe. Mwaka 1763 Malkia Catherine II wa Urusi, aliyezaliwa Mjerumani, alitoa tangazo la kuwaalika wageni wa Ulaya waje kulima nyika za mto Volga. Aliwaahidi ardhi, uhuru wa dini, msamaha wa kodi kwa miaka kadhaa, na jambo lililowavutia wengi kuliko yote: wao na vizazi vyao hawangelazimishwa kuingia jeshini. Nchi za Wajerumani zilikuwa zimetoka tu kwenye Vita vya Miaka Saba, na watu walikuwa wamechoka kwa njaa na madeni. Katika miaka michache takribani watu 30,000 walihama, wakaanzisha vijiji zaidi ya 100 karibu na mji wa Saratov. Baadaye makundi mengine ya Wajerumani yalihamia kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Waliishi huko zaidi ya karne moja wakisema Kijerumani chao na kusali katika makanisa yao, lakini jikoni walijifunza mengi kwa majirani. Mkate uliojazwa nyama na kabichi ni mmoja wa mikate ya aina hiyo inayopatikana kote Ulaya Mashariki.

Wake za wakulima waliupenda kwa sababu zinazoeleweka. Kabichi ilikuwapo majira yote, nyama kidogo ilitosha watu wengi, na chakula kilichofungwa ndani ya mkate kilibebwa hadi shambani bila sahani wala kijiko. Mapishi hayakuandikwa popote. Binti alimtazama mama akikanda unga, na vipimo vyake vikawa mkono na jicho.

Miaka ya 1870 ahadi ya Catherine ilivunjwa. Serikali ya Aleksanda II iliondoa upendeleo wa walowezi hao mwaka 1871, na sheria ya mwaka 1874 ikawaingiza vijana wao jeshini kama raia wengine. Wakati huohuo kampuni za reli za Marekani zilikuwa na ardhi kubwa ya kuuza huko Nebraska na Kansas, na mawakala wao walikuwa wakitafuta wakulima waliozoea nyika kavu yenye baridi kali. Wajerumani wa Urusi walikuwa hasa watu wa namna hiyo. Mji wa Sutton, kilomita zipatazo 100 magharibi mwa Lincoln, ulipokea familia za Bahari Nyeusi na za Volga katika muongo huo. Lincoln nayo ikapata mitaa miwili ya Wajerumani wa Volga kwenye bonde la kijito cha Salt Creek, North Bottoms na South Bottoms, mahali pa bei nafuu kwa kuwa palifurika mvua ikizidi.

Wengi wa waliokaa mitaa hiyo hawakuwa na mashamba. Wanaume walifanya kazi za reli, na kila mwaka mwanzoni mwa majira ya joto familia nzima zilipanda treni kwenda kulima viazisukari magharibi mwa Nebraska na Colorado. Kiwanda cha kwanza cha sukari hiyo jimboni kilifunguliwa Grand Island mwaka 1890, na sekta hiyo ilipopanuka hadi bonde la Scottsbluff ilitegemea sana mikono ya Wajerumani wa Urusi, watoto wakiwamo. Palizi ilifanywa kwa kuinama kutwa nzima. Mkate wa kabichi ulirudia huko kazi yake ya Volga.

Lugha haikudumu kama chakula. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwafanya wote waliosema Kijerumani washukiwe, na mwaka 1919 Nebraska ilipitisha sheria ya kukataza watoto wadogo kufundishwa kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Mwalimu wa shule ya Kilutheri huko Hampton, si mbali na Sutton, alitozwa faini kwa kumsomesha mtoto kwa Kijerumani. Kesi yake, Meyer dhidi ya Nebraska, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1923 sheria hiyo ikabatilishwa. Hata hivyo wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuamua kuwalea watoto wao kwa Kiingereza. Kilichobaki bila kuzuiwa na sheria yoyote ni mapishi, na hapo ndipo historia ya kampuni inapoanzia.

Sarah Everett, aliyejulikana kwa jina la Sally, alitoka Sutton, katika jamii hiyo ya Wajerumani wa Urusi. Ndiye aliyechukua mkate wa nyumbani kwao, akaurekebisha ufae kuuzwa, na akaupa jina Runza. Kaka yake, Alex Brening, akawa mshirika wake. Mwaka 1949 ndugu hao walifungua mgahawa kando ya Pioneers Park, bustani kubwa ya umma ya Lincoln, mahali ambapo familia zilikwenda kupumzika kwa magari. Uchaguzi wa eneo ulikuwa wa busara. Baada ya Vita vya Pili Wamarekani walikuwa wakinunua magari kwa wingi, na mgahawa wa kandokando ya barabara, unaompa mteja chakula cha kula kwa mkono, ulikuwa biashara ya wakati wake. Mwaka mmoja tu kabla, ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walikuwa wameupanga upya mgahawa wao wa San Bernardino, California, ili uuze hambaga chache kwa kasi kubwa.

Tofauti ni kwamba hambaga ilijulikana kila mahali, ilhali mkate wa Sally ulijulikana kwa watu wa mitaa michache. Kwa mteja wa asili ya Volga kilikuwa chakula cha bibi yake, na angeweza kuuliza kwa nini alipe pesa kwa kitu kinachopikwa nyumbani bure. Mteja mwingine hakuona kilichomo ndani mpaka aung'ate. Kuuza kitu cha namna hiyo kunahitaji uvumilivu. Kwa miaka 17 biashara ilibaki na mgahawa mmoja, jambo ambalo wafanyabiashara wa leo wangeliita kudumaa, lakini lilitosha kuufanya mkate wa kabichi uwe chakula cha Lincoln nzima, ukoo wowote mtu atokako.

Kizazi cha pili ndicho kilichopanua. Donald Everett, mwana wa Sally, alifungua mgahawa wa pili mwaka 1966, na mwaka 1979 kampuni ilianza kutoa leseni kwa wafanyabiashara wengine. Kwa utaratibu huo mtu hutoa mtaji wake, hufungua mgahawa kwa jina na mapishi ya kampuni, naye hulipa ada. Hapo ndipo Runza ilipotoka Lincoln na kuingia miji ya Nebraska kama Kearney, Hastings, North Platte na Scottsbluff, ambako babu za baadhi ya wateja walikuwa wamepalilia viazisukari.

Jirani mmoja wa Lincoln anasaidia kuona maana ya mwendo huo wa polepole. King's Food Host ilianzishwa mjini humo miaka ya 1950, ikasifika kwa simu zilizowekwa mezani ili mteja aagize chakula akiwa ameketi, na kwa sandwichi ya jibini iliyokaangwa. Ilienea haraka katika majimbo mengi, na katika miaka ya 1970 ikafilisika. Runza, iliyokuwa ndogo mno wakati huo hata kulinganishwa nayo, ndiyo iliyobaki. Haitakuwa haki kusema kwamba akina Everett walikuwa na mpango wa siri. Walichokuwa nacho ni bidhaa ambayo haikuhamishika kwa urahisi, na inaelekea walilitambua hilo mapema. Matawi yaliyofunguliwa nje ya Nebraska, katika Iowa, Kansas na Colorado, yamekuwa machache tangu mwanzo hadi leo.

Neno Runza ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na hili limekuwa na athari ya pekee. Wapishi wa makanisa, wa shule na wa nyumbani kote Nebraska wamekuwa wakioka mkate huohuo kwa vizazi, na watu wengi huuita runza popote waukutapo. Lakini anayetaka kuuza hadharani hulazimika kutafuta jina lingine. Kansas, ambako Wajerumani wa Volga ni wengi pia, huuita bierock, na kwa kawaida huufinyanga kuwa wa mviringo, si mstatili. Wapo wanaoona si sawa ukoo mmoja kumiliki jina la chakula cha watu wote. Hoja hiyo ina uzito kidogo tu, kwa kuwa mapishi yenyewe hayakufungwa na yeyote, na jina, kama inavyosemwa, lilibuniwa na Sally. Bila duka lake huenda mkate huu ungebaki chakula cha sherehe za makanisa, kama vilivyobaki vyakula vingine vingi vya Volga.

Nyuma ya jina la ukoo kuna kazi ya watu wengi. Kampuni hujivunia kwamba mikate yake huokwa ndani ya migahawa yenyewe, na pete za vitunguu huchovywa unga kwa mikono. Katika miji midogo kazi hiyo hufanywa na wanafunzi wa sekondari baada ya masomo, wakiongozwa na mameneja ambao baadhi yao walianza hivyohivyo. Orodha ya vyakula imepanuka: kuna Runza yenye jibini, yenye uyoga na jibini la Uswisi, hambaga, na mchanganyiko wa chipsi na pete za vitunguu katika pakiti moja. Kuna pia chili, yaani mchuzi mzito wa nyama, maharage na pilipili, unaoliwa pamoja na mkate mtamu wa mdalasini. Wageni hushangaa mchanganyiko huo, lakini Wanebraska waliuzoea tangu chakula cha mchana cha shuleni.

Hali ya hewa ya jimbo nayo imegeuzwa kuwa tangazo. Kila Jumanne ya Januari na Februari, mteja anayenunua chipsi na kinywaji hupewa Runza kwa senti zinazolingana na joto la saa kumi na mbili asubuhi kwa kipimo cha Fahrenheit. Joto likiwa nyuzi 20, yaani karibu nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi, mkate ni senti 20. Likishuka hadi sifuri, ni bure. Ni ujanja wa kibiashara, lakini umefaulu kwa sababu huwatoa watu nyumbani siku ambazo mgahawa wowote wa Nebraska ungekuwa mtupu.

Uwanja wa Memorial wa Chuo Kikuu cha Nebraska ni soko jingine. Tiketi za mechi za mpira wa Kimarekani zimekuwa zikiisha mfululizo tangu mwaka 1962, na siku ya mechi zaidi ya watu 80,000 hujaa humo, idadi inayozidi wakazi wa karibu kila mji wa jimbo hilo isipokuwa Omaha na Lincoln. Wachuuzi hupita kwenye ngazi wakiuza Runza za moto. Anayehamia jimbo la mbali huondoka na kumbukumbu hiyo, na kampuni imejifunza kumfuata: husafirisha mikate iliyogandishwa kwa oda hadi popote Marekani.

Historia ya jamii iliyozaa chakula hiki imehifadhiwa pia na wengine. Chama cha Historia cha Wajerumani kutoka Urusi kilianzishwa mwaka 1968, na kwa miaka mingi makao yake na makumbusho yake yalikuwa katika mtaa wa South Bottoms, Lincoln. Huko zilikusanywa kumbukumbu za vijiji, orodha za abiria wa meli na barua zilizotoka Volga. Vijiji vyenyewe havina tena watu hao, kwa maana mwaka 1941 serikali ya Stalin iliwahamisha Wajerumani wa Volga kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan.

Uongozi wa kampuni ulipita kutoka kwa Donald Everett kwenda kwa mwanawe mwenye jina lilelile, mjukuu wa Sally. Leo Runza ina migahawa zaidi ya 80, karibu yote ndani ya Nebraska, mingine ikiwa ya kampuni na mingine ya wenye leseni.