Flashi Haisomi

"Fundi, flashi haisomi." Tangu nifungue steshenari hapa Mwenge mwaka 2003, maneno hayo nimeyasikia kuliko shikamoo. Ukiyachunguza yanachekesha, maana flashi haisomi kitu, inasomwa. Lakini ndivyo mtaa ulivyosema, na chini ya neno hilo moja nimetibu magonjwa mengi, kila kipindi na lake.

Mwanzoni wateja walikuja na disketi. Disketi ilibeba MB 1.44, ikichukia vumbi na sumaku, na mwanafunzi mwenye akili alihifadhi kazi ileile kwenye disketi tatu ili moja ipone. Flashi zilikuwa zimeshaingia sokoni mwaka 2000: kampuni ya Trek ya Singapore iliuza ThumbDrive, na IBM ikauza Marekani ile iliyotengenezwa na M-Systems ya Israel, ya MB 8. Kumbukumbu iliyo ndani yake ni ya zamani zaidi, kazi ya Mjapani Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980. Mwenzake ndiye aliyependekeza jina, kwa sababu ilifutika yote kwa mkupuo kama mwanga wa kamera. Sisi tuliokwenda studio kupigwa picha za Idi tulilijua neno flashi kabla ya kuiona kompyuta.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa ugeni. Windows 98 haikuijua flashi mpaka uiwekee programu yake kutoka kwenye sidii ndogo iliyokuja nayo, na sidii hiyo mteja alikuwa ameshaitupa pamoja na boksi. Windows XP, ya mwaka 2001, iliipokea bila kuuliza. Nilikuwa na kompyuta mbili, moja ya kila aina, na foleni ilikuwa kwenye moja tu.

Kisha ikaja njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampia 500, kiasi kinachoitosha flashi na kusaza. Diski ngumu ya nje ina mota inayozunguka, na wakati wa kuanza inataka zaidi. Ukiichomeka mbele ya kompyuta ya mezani, umeme unapita kwenye waya mwembamba ulio ndani ya kasha kabla ya kuifikia, nayo inalia tik, tik, tik bila kuwaka vizuri. Mteja anaamini imekufa. Mimi nilikuwa nainama, naichomeka nyuma, moja kwa moja kwenye bodi, au natumia waya wenye vichwa viwili unaokula kwenye matundu mawili. Kuinama huko kulinilipia kodi ya fremu miezi kadhaa, na sikuwa na haraka ya kumweleza mtu siri yake.

Maofisini kulikuwa na kisa kingine: herufi. Diski ya mtandao imeshaitwa F, flashi nayo inapewa F hiyohiyo, basi inafichwa. Unaingia kwenye sehemu ya kusimamia diski, unaipa herufi nyingine, mnaagana.

Kipindi cha virusi ndicho sitakisahau. Kompyuta zilikuwa zikikuta faili liitwalo autorun.inf kwenye flashi, zinatii kilichoandikwa humo. Mwishoni mwa 2008 kikaja Conficker, nacho kilijua njia hiyo. Flashi moja iliyopita kwangu asubuhi iliweza kuambukiza ofisi nzima kufikia jioni. Kabla mkongo wa SEACOM haujatufikia Julai 2009, intaneti ilikuwa ya kudonadona, kwa hiyo hata dawa mpya za virusi tulizibeba kwa flashi, ambazo nyingine zilikuwa zinaumwa. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzima utii huo, lakini wale virusi wa njia mkato hawakukoma: unafungua flashi, kila folda imegeuka kimshale. Watu walilia, wengine wakafomati kwa hasira. Kumbe vitu vyao vilikuwa humohumo, vimefichwa tu. Amri ya attrib, mstari mmoja, vinarudi.

Si kila flashi ilipona kwa kibodi. Kuna binti wa mwaka wa mwisho aliniletea yake imepinda. Laputopu ilisukumwa flashi ikiwa imechomekwa. "Kaka, nakabidhi Jumatatu." Ilikuwa Ijumaa. Niliibandua ganda kwa kisu, nikaazima lenzi ya fundi saa wa jirani. Miguu minne ya chuma cha kuchomekea: mitatu ilikuwa imeng'oka kabisa, mmoja unaning'inia. Nikakata waya kutoka kipanya kibovu, nikachomea kwa risasi mmoja mmoja: mwekundu wa umeme, mweupe na kijani za data, mweusi wa kurudishia. Ukikosea nyeupe na kijani kompyuta itakuambia haikitambui kifaa, hasara hakuna. Ukikosea nyekundu na nyeusi, utanusa. Taa ilipopepesa binti alitaka kulifungua faili palepale. Nikamzuia, nikanakili kwanza kila kitu. Baada ya hapo waya mmoja ulichomoka wenyewe.

Za bandia sizitibu. Imeandikwa GB 64, ndani ni 8, na chipu imefundishwa kudanganya. Naijaza kwa programu ya Kijerumani, H2testw, halafu namwonyesha mwenyewe ilipoanza kupoteza.

Siku hizi wanafunzi hutuma kazi kwa WhatsApp na kuja na mikono mitupu. Wanaokuja na flashi ni wanakwaya na madereva. Juzi dereva wa daladala aliacha gari linaunguruma: "Mzee, mpya kabisa, haisomi." GB 64, halisi, kwangu ikafunguka vizuri. Redio ya gari ndiyo ilikuwa inaikataa: flashi imefomatiwa exFAT, redio inajua FAT32 tu, na Windows yangu haikubali kuifomati FAT32 flashi inayozidi GB 32. Nikatumia programu nyingine, nikamrudishia nyimbo zake. Alikimbia nayo. Nikasikia besi, halafu konda akapiga bodi mara mbili, wakaondoka.